Tulivyobeba wadudu wa maji taka kutoka Johannesburg mpaka kwenye theluji, wakiwa hai

Amani kwenu wakuu. Na wakuu wa kike tupo, msitusahau.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu muda mrefu. Nacheka, nalia na nyuzi zenu, naondoka bila hata kugonga like. Leo nimekuja na la kwangu.

Ni habari ya choo. Nawaonya mapema, anayekula aweke sahani pembeni kwanza.

Lakini kila nitakachosema nilikiona kwa macho haya, na kingine nilikishika kwa mikono hii. Majina nimebadilisha na kliniki yenyewe sitaitaja. Mengine ni kama yalivyotokea.

Mimi ni mama wa Tanga, naishi Johannesburg, mtaa wa Troyeville. Nilipofika huku nilianza kwa kusuka nywele Yeoville, kwenye saluni ya mama mmoja Mkongo anaitwa Mama Grâce. Nilisuka mpaka mgongo ukakataa. Kusimama kutwa nzima si mchezo.

Mteja mmoja akaniambia kuna karakana upande wa mashariki wa jiji wanatafuta mtu wa usafi. Nikaenda, nikapata.

Karakana ile inatengeneza matangi ya kusafishia maji taka. Siyo ya mjini. Ni ya sehemu za mbali ambako bomba la manispaa halifiki: shule za porini, lodge, migodi midogo, kliniki za milimani.

Fundi mkuu alikuwa mzee wa Kikongo kutoka Lubumbashi, nimwite Papa Ilunga. Kwao alikuwa mwalimu wa kemia. Huku alivaa ovaroli, lakini ndani ya ovaroli kuna shati limenyooshwa na tai. Kila siku ya Mungu.

Tai, wakuu. Kwenye kazi ya kinyesi.

Sasa wiki yangu ya pili nikaharibu.

Nyuma ya karakana alikuwa na tangi lake dogo analilea. Mimi nikadhani ni uchafu tu umesahaulika. Ijumaa moja nikasugua sakafu yote kwa jiki, chupa nzima, nikasukumia maji kwenye mfereji. Kumbe mfereji ule unaingia kwenye lile tangi.

Jumatatu nikamkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, analitazama. Maji yametulia, yamepauka. Nikajua leo narudi kusuka.

Hakunigombeza. Akasema kwa Kiswahili chao kile, "Mama, kuya uone."

Akanikalisha mbele ya microscope, ile hadubini ya shuleni. Tone la kwanza lilitoka kwenye tangi: kimya, kama vumbi. Tone la pili lilitoka kwenye chupa aliyokuwa ameihifadhi ofisini. Wakuu, nilirudi nyuma. Mle ndani kulikuwa na mji mzima. Vingine vinakimbia, vingine vinajikunja, vingine vimesimama kwenye kijiti kama ua, vinafungua mdomo na kufunga.

"Bile binaishi," akasema. "Bile bingine tuliua."

Alisema *tuliua*. Hakusema *uliua*. Na jiki nilimwaga mimi peke yangu.

Siku ile nikaanza kumuuliza maswali, na hakuchoka kunijibu kwa miaka mitatu. Kwanza, alipolipanda upya tangi kutoka kwenye ile chupa, akanipa kazi ya kuwalisha wale viumbe wake. Halafu kuosha pampu. Halafu kufunga bomba. Mwisho bosi akaniandikisha kama msaidizi wake, na ndoo ya usafi akashika mtu mwingine.

Niwaeleze kidogo, maana bila hili hamtanielewa mbele.

Maji ya chooni hayasafishwi na mashine. Mashine inapuliza hewa tu. Wanaosafisha ni bakteria na jamaa zao, sisi tunawaita wadudu. Wanakula ule uchafu, wanashikamana, wanazama chini, na maji ya juu yanabaki yametakata. Wanataka vitu vitatu: chakula, hewa na joto.

Chakula binadamu hatujawahi kuwanyima. Hewa ni umeme. Shida iko kwenye joto.

Watu wakisikia Afrika wanafikiri jua tu. Nendeni kwenye milima ya huku, karibu na mpaka wa Lesotho, mwezi wa saba. Ndoo ya maji unaigonga kwa nyundo. Na wadudu wakipigwa na baridi hiyo wanaacha kula. Wasipokula, choo chenu kinarudi kwenu kama kilivyotoka.

Haya. Majira ya baridi ya mwaka jana, ikapigwa simu karakana.

Ni muuguzi mkuu wa kliniki moja huko juu milimani, upande huu huu wa Afrika Kusini. Nimwite 'Mè Lineo. Hilo *'mè* ni kama sisi tunavyosema mama, Wasotho wanamwita hivyo kila mwanamke mzima wanayemheshimu.

Kliniki yake ina nyumba ya wajawazito. Wanawake wa vijiji vya mbali wanakuja kukaa pale wiki mbili tatu kabla ya kujifungua, kwa sababu uchungu ukiwakuta nyumbani, njia ni ya miguu au farasi, na theluji ikianguka hakuna njia kabisa.

Mafundi wengine walikuwa wamewawekea tangi kiangazi. Wakaliacha juu ya ardhi, wazi, halina hata shuka. Baridi ilipoingia mabomba yakaganda, umeme ukakatika siku kadhaa, wadudu wakafa. Maji machafu yakaanza kufurika uani na kuteremka taratibu kuelekea kwenye chemchemi ambayo kijiji kizima kinachota.

Akina mama wakarudi kwenye ndoo. Wanawake wa miezi tisa, wanabeba ndoo ya haja juu ya barafu kwenda kumwaga. Mmoja alikuwa ameshateleza. Mungu alisaidia alianguka kwa ubavu.

Na watu wa afya wa wilaya walikuwa wameshamwambia 'Mè Lineo: siku kumi. Kama maji bado yanamwagika, nyumba inafungwa, akina mama warudi kwao.

Papa Ilunga alisikiliza simu hiyo akiwa amesimama. Alipoiweka chini akaniambia, "Tunaenda naye, Mama." Nikamuuliza tunaenda na nani. Akaonyesha kwa kidevu lile tangi la nyuma.

Wazo lake lilikuwa hili. Kusubiri wadudu wazaliwe upya wenyewe kwenye baridi ile kungechukua miezi. Kwa hiyo tuwabebe wa kwetu, walioshiba, wengi, tukawapande kule. Kama mtu anavyobeba hamira.

Tatizo ni kwamba safari ni ya siku nzima. Bila hewa wanakufa kwa masaa machache, na kwenye baridi wanazimia.

Basi nikapita Yeoville kuomba mablanketi. Mama Grâce akanipa duvet yake nzuri ya maua, akadhani ni kwa ajili ya maskini. Sikumsahihisha. (Mama Grâce kama unasoma humu, duvet ile usiisubiri.)

Tulijaza mapipa mawili ya bluu, tukayafunga kwenye bakkie, pickup ya huku, yenye canopy, kile kibanda cha nyuma. Tukayavika mablanketi, tukachomeka katikati chupa za maji ya moto. Papa Ilunga akanunua zile pampu ndogo za kupulizia hewa samaki wa mapambo, akaziunganisha na lile tundu la kuwashia sigara la gari. Tukaondoka asubuhi, yeye anaendesha. Mimi sina leseni.

Kila baada ya muda tunasimama, nafungua kifuniko, nanusa.

Msicheke. Wadudu wazima wana harufu ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Wakianza kufa wananuka yai viza. Pua yangu ndiyo ilikuwa kipimo chetu.

Mbele tukakuta askari wa barabarani. Kijana mrefu, akamulika nyuma, akauliza hii mizigo iliyovalishwa ni nini. Papa Ilunga akavua kofia, akamjibu kwa adabu zote, "Officer, ni abiria wa kliniki." Nikaona tunaharibikiwa. Nikamweleza ukweli kwa Kizulu changu cha sokoni. Akafungua pipa kidogo, akachungulia, akafunga haraka.

"Eish, baba," akasema. "Hamba. Nenda kabla sijatapika."

Tukacheka mpaka robot mbili mbele, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani.

Kicheko kiliisha lami ilipoisha.

Barabara ya mlimani ni mawe. Gari linaruka, linatua. Mahali fulani nikasikia ukimya. Ule mlio wa pampu, zzzz, ambao tangu asubuhi nilikuwa nimeuzoea, haupo. Fyuzi ilikuwa imeungua. Ya akiba hatuna, simu haina mtandao, na kwa hesabu ya Papa Ilunga tulikuwa tumebakiza zaidi ya masaa mawili.

Akashuka, akasimama kati ya mapipa na bonde. Alikuwa anakohoa tangu mchana. Akaanza kukunja mikono ya shati.

Nikamwambia, "Papa, wewe endesha. Nipe jagi."

"Mama, kule nyuma ni baridi mingi."

"Endesha."

Nikapanda nyuma chini ya canopy. Nikavaa glovu na barakoa, nikafungua vifuniko, nikaanza. Nachota jagi, naliinua juu, namwaga kutoka juu ili maji yaingie na hewa. Pipa la kulia, pipa la kushoto. Kulia, kushoto. Gari likiruka nami naruka. Sitaki kuwaeleza nilivyolowa na nililowa nini.

Kila baada ya muda Papa Ilunga anagonga kioo. Anauliza kwa sauti, "Biko?" Wapo? Nami najibu, "Wapo, Papa!" Ukweli sikuwa najua kama wapo. Nilikuwa nasema tu ili aendelee kuendesha.

Mkono wa kulia ukafa ganzi, nikahamia wa kushoto. Nikajikuta nawasemesha. Vumilieni, tunakaribia, vumilieni. Mtu mzima, nasemesha kinyesi cha Johannesburg kwa Kiswahili cha Tanga.

Tulipofika jua lilikuwa linaegemea mlima, na kila kitu kilikuwa cheupe. Sikuwahi kuona theluji. Siku nyingine ningepiga picha. Siku ile nilishuka, nikakaa chini kwenye hiyo hiyo theluji.

Mwanamke mfupi, amejifunga blanketi la Kisotho kwa pini kubwa kifuani, akaja akaniinua. Huyo ndiye 'Mè Lineo. Aliponusa nilivyo hakurudi nyuma. Alinishika mkono akanipeleka kuoga kwenye beseni, maji ya moto amechemsha mwenyewe, na akaenda kuyamwaga mwenyewe mbali, kwa ndoo, kwenye barafu. Nilimwona kupitia dirishani. Hapo ndipo nilielewa simu ile ilikuwa inahusu nini.

[Nimerudi wakuu, nilikwenda kuswali. Naona mmeshaanza na maswali, nitajibu, ngoja nimalize.]

Mapipa tukayaingiza stoo, ambayo ukuta wake mmoja unapakana na jiko la nyumba ya akina mama, kwa hiyo una joto. Umeme ulikuwa umesharudi, tukachomeka hewa. Nikanusa. Udongo wa mvua, kwa mbali sana.

Walikuwa hai. Kiasi.

Kesho yake tukaanza kazi. Wanaume wa kijiji wakachimba shimo la muda la kuzuia maji yasifike kwenye chemchemi. Hilo lilikuwa la kwanza. Kisha tukafukia mabomba upya, chini zaidi, na tukayainamisha ili maji yasibaki ndani kulala na kuganda. Ile blower ya kupuliza hewa tukaihamishia stoo, ili iwapulizie hewa ya ndani yenye uvuguvugu badala ya upepo wa mlimani. Tangi lenyewe tukalizungushia udongo.

Lakini juu? Juu palikuwa wazi, na magodoro ya kuzuia baridi tuliyokuja nayo hayakutosha hata nusu.

Kati ya wajawazito watano kulikuwa na binti mmoja, mimba ya kwanza, anaitwa Nthabiseng. Ni mcheshi, hakai. Akatuangalia tunavyohangaika, akamwambia 'Mè Lineo kitu, wote wakacheka. 'Mè Lineo akatutafsiria: "Anauliza, kondoo huwa mnamvika nini?"

Nyuma ya zizi la kijiji kulikuwa na lundo la sufu chafu, zile za tumboni ambazo mnunuzi huzikataa. Akina mama wakakaa kwenye benchi juani, matumbo mbele, wakawa wanajaza sufu kwenye magunia na kushona midomo, huku wanaimba. Tukalivika tangi zima. Lilikuwa kama kondoo mkubwa amelala.

Siku ya pili jioni Papa Ilunga akaanguka.

Hakuanguka kwa kishindo. Aliinama kuokota spana, akakaa, hakuinuka. Kifua. 'Mè Lineo akamlaza kliniki, akamvua tai kwa mkono wake, akamwekea oksijeni. Nilisimama mlangoni sijui niende wapi.

Akaniita kwa kidole. "Kesho weye njo utaamua saa ya kumwaga."

"Papa, sijawahi."

"Najua."

Halafu akafumba macho. Basi. Hakuna maelezo mengine.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikapima maji ya tangi, yalikuwa baridi ya kukata vidole. Wadudu wa kwenye pipa wana uvuguvugu. Ukiwamwaga ghafla ni kama kumtoa mtoto kwenye beseni la maji ya moto ukamtupa nje. Nikaamua nitawazoesha: jagi la maji ya tangi ndani ya pipa, nasubiri, jagi jingine, nasubiri. Kutwa nzima.

'Mè Lineo akaja, akasimama juu yangu. Alikuwa amechoka yule mama, macho mekundu.

"Dada, mmekuja na mapipa mawili ya matope. Mzee wako anaumwa kitandani kwangu. Nimebakiwa na siku tano. Sasa unaniambia tusubiri?"

"Ndiyo, 'mè. Na akina mama waendelee na ndoo siku mbili nyingine."

Akanitazama. Sikuwa na cheti cha kumwonyesha. Nilikuwa na jagi tu. Akageuka akaondoka, na moyoni nilimpa haki.

Siku iliyofuata nikawamwaga. Taratibu, jagi kwa jagi. Nikawasha hewa, nikawapa uchafu kidogo tu wa kuanzia.

Asubuhi yake nikafungua kifuniko, nikanusa.

Yai viza.

Nikachukua tone, nikakimbilia dirishani kwenye mwanga ambako Papa alikuwa ameweka microscope yake. Nikatazama. Kimya. Vumbi. Nikasogeza, nikasogeza tena. Hakuna kinachotikisika. Nikatoa tone jingine, vile vile.

Nikaenda kitandani kwa Papa Ilunga na kile kioo cha tone mkononi, nalia bila hata kujificha. Nikamwambia wamekufa wote. Nimewaua tena.

Akatoa oksijeni puani. Akaninyooshea mkono nimpe kioo. Hakukiangalia. Mezani kulikuwa na kikombe cha chai ambacho muuguzi alimletea, bado kinatoa moshi. Akakilaza kile kioo juu ya kisahani, akasogeza kisahani juu ya kikombe, kama kifuniko.

"Ngojea," akasema.

Tukangoja. Alikuwa anapumua kwa shida, nikawa nahesabu pumzi zake maana hakukuwa na kitu kingine cha kufanya.

Baadaye akasema, "Sasa angalia."

Nikaenda dirishani. Mwanzoni hakuna. Kisha pembeni kabisa, kimoja kati ya vile vinavyosimama kwenye kijiti, kama ua lililofumba, kikatetemeka. Kikafungua mdomo. Kikafunga. Kikafungua. Halafu cha pili.

Nikarudi nikamshika mguu kupitia blanketi.

"Habiyakufa," akasema Papa Ilunga, yaani hawajafa. "Binalala. Baridi inabilaza. Ongeza hewa, punguza chakula, funga vizuri. Na uache kufungua fungua."

Kumbe harufu ile ilikuwa ni tope la zamani la chini, lililooza kabla hatujafika, na hewa ndiyo kwanza ilikuwa inalichokonoa. Sikujua. Angeniambia mapema? Labda. Lakini na yeye alikuwa anapigania pumzi yake.

Nikafanya alivyosema. Nikaongeza magunia ya sufu mpaka kwenye kifuniko. Na nikajizuia kufungua, ambayo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya kule.

Siku ya tatu tangu kuwamwaga, nilifungua. Udongo wa mvua.

Maji yaliyotoka mwisho wa tangi yalikuwa na rangi ya chai nyepesi. Kesho yake mepesi zaidi. Siku ya kumi, afisa wa wilaya akaja, mama mmoja mwenye miwani na buti. Akachota chupa, akaiinua juani, akanusa, akachukua na sampuli ya kupeleka maabara. Akazunguka mara mbili lile tangi lililovaa sufu. Halafu akamwambia 'Mè Lineo nyumba ibaki wazi, atarudi kukagua, na majibu ya maabara yakiwa mabaya atafunga. (Hayakuwa mabaya.)

Nthabiseng alijifungua asubuhi hiyo hiyo. Mimi nilikuwa uani nakusanya spana. Nikasikia mtoto analia, kisha kelele za wanawake.

Baadaye kidogo 'Mè Lineo akatoka, akaniita ndani. Akina mama wote walikuwa wamejipanga kwenye korido, wamenyamaza, wanatazama mlango wa bafu. Nikadhani kuna msiba.

Mle ndani Nthabiseng alikuwa anaogeshwa maji ya moto. Tukasikia maji yanachuruzika kwenye sakafu, yanaingia kwenye tundu, yanakwenda. Kisha akavuta choo. Ile sauti, wakuu. Inaunguruma, inateremka, inapotelea chini ya ardhi. Hakuna mtu aliyebeba ndoo.

Mama mmoja akaanza kupiga vigelegele. Kwa choo!

'Mè Lineo hakupiga vigelegele. Aliegemea ukuta, akafunika uso kwa pembe ya blanketi lake, mabega yakawa yanacheza. Nikaenda nikasimama karibu yake tu. Baadaye akaniambia, bila kunitazama, "Nisamehe kwa maneno yale, dada." Nikamwambia hakuna neno, 'mè, hata mimi ningesema.

Papa Ilunga alikaa kitandani pale kliniki wiki nzima ndipo akaweza kusafiri. Kwa kuwa hakuweza kushika usukani, dereva wa kliniki alitushusha mpaka kwenye lami na bosi akaja kutuchukua. Njia nzima alilala begani kwangu, mwepesi kama mtoto wa shule.

Daktari wa Johannesburg akamkataza baridi. Wanawe wakaja kumchukua, sasa yuko Lubumbashi, anapata jua lake. Ananipigia kila Jumapili, anauliza habari za matangi kabla ya kuuliza habari zangu.

Majira ya baridi ya mwaka huu nimepanda tena kule, safari hii mimi ndiye fundi. Mabomba hayajaganda. Magunia ya sufu wameyabadilisha wenyewe.

Kuna jambo moja sijawaambia.

Miaka yote hiyo, mama yangu mzazi kule Tanga alikuwa anajua nafanya kazi "ofisi ya maji". Nilishindwa kumwambia. Mtu umevuka nchi ngapi, halafu useme unachota kinyesi? Shangazi zangu wangesema nini.

Niliporudi kutoka mlimani nikampigia. Nikamwambia yote, tangu jiki mpaka jagi mpaka sauti ya choo. Nilisema mfululizo bila kupumua, nikiogopa akinikatiza sitamaliza.

Nikanyamaza. Nikadhani simu imekata.

"Mama?"

"Nipo, mwanangu. Na hao wazazi, sasa hawatoki tena nje na ndoo?"

"Hawatoki, mama."

"Hata baridi ikiwa kali?"

"Hata ikiwa kali."

Akashusha pumzi ndefu. "Mimi nilikuzaa masika," akasema. "Siku ya pili yake nilitoka mwenyewe na mvua kwenda chooni, kule nyuma ya mnazi. Nikaanguka na wewe ukiwa ndani unalia. Sijamwambia mtu."

Wakuu, miaka yangu yote sikuwahi kulisikia hilo.

Funzo nililopata mimi ni dogo tu: ukiionea haya kazi yako, msimulie aliyekuzaa, huenda anaijua kuliko wewe. Na kitu kilichopoa usikiite maiti mpaka umekipa joto.

Nimemaliza. Wenye maswali ya matangi waulize, wenye kucheka wacheke, na kama kuna mama humu aliyewahi kutoka nje na mvua siku ya pili ya uzazi, naomba aandike hata mstari mmoja. Nitausoma.